Jua la jangwani linasingiziwa

Kwa Mhariri,

Kurasa zenu za michezo ziliigusa juzi Coachella Valley Firebirds, timu ya hoki ya barafuni iliyo katika jangwa la kusini mwa California. Mwandishi alistaajabu, na kustaajabu si kosa. Kosa ni pale alipohitimisha kwamba ikiwa barafu inakaa kwenye joto la nyuzi 40, basi Mombasa yenye nyuzi 30 itakuwa kazi nyepesi. Sisi tunaoandika ni mafundi wa vyumba vya baridi na mitambo ya barafu hapa pwani, na hesabu hiyo kwetu imesimama kichwa chini miguu juu. Kwa mtu wa barafu, Mombasa ni pagumu kuliko Coachella, tena si kidogo.

Kwanza timu yenyewe, kwa ufupi. Firebirds wanacheza AHL, ligi ya timu 32 iliyo ngazi moja chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Timu ya AHL kazi yake ni kulea wachezaji wa timu kubwa, na Firebirds wanawalelea Seattle Kraken wa NHL. Hapo ndipo jangwa linapoingia. Timu kubwa za magharibi ya Marekani zilikuwa zikiweka vijana wao mbali, wengine mashariki kabisa, na mchezaji akiitwa ghafla siku inaishia angani. Mwaka 2015 timu tano za AHL zilihamishiwa California kwa mkupuo mmoja. Tucson ya Arizona ikapata Roadrunners mwaka 2016, Henderson ya Nevada ikapata Silver Knights mwaka 2020, na Firebirds wakaanza msimu wa 2022–23. Ni hesabu ya nauli na saa, wala hakuna aliyetaka kushindana na Mungu.

Uwanja wao, Acrisure Arena, uko karibu na Palm Desert na unachukua watazamaji karibu 10,000 wa hoki. Msimu wa kwanza ulianza uwanja ukiwa bado unajengwa, hivyo mechi za mwanzo za "nyumbani" zilichezewa Seattle. Mechi ya kwanza hapo jangwani ilikuwa tarehe 18 Desemba 2022, dhidi ya Roadrunners, jangwa kwa jangwa. Mwaka 2023 na tena 2024 walifika fainali ya Calder Cup, kombe la ubingwa wa AHL, na mara zote mbili wakalala mbele ya Hershey Bears wa Pennsylvania. Ile ya 2023 ilifika mechi ya saba, ikaamuliwa katika muda wa nyongeza tarehe 21 Juni, uwanjani kwao Firebirds, katika mwezi ambao nyuzi 40 za mchana ni jambo la kawaida nje.

Sasa tuje kwenye barafu. Ndani ya uwanja wa hoki, fundi hulenga hewa ya nyuzi 16 hivi na unyevu wa asilimia 40. Hewa ya namna hiyo hubeba kama gramu 5 na nusu za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Chukua hewa ya jangwani mchana wa Juni, nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 10: inabeba gramu 5 na kidogo. Hewa ya nje inaingia uwanjani ikiwa imekwisha kukaushwa na jangwa lenyewe! Kilichobaki ni kuipoza tu, na kupoza hewa kavu ni kazi ya kiyoyozi cha kawaida. Chukua sasa hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Inabeba karibu gramu 23. Kabla haijaruhusiwa kuisogelea barafu, kila mita ya ujazo lazima iachishwe gramu 17 za maji.

Msomaji atauliza, gramu 17 zina nini? Mvuke unapogusa kitu cha baridi hugeuka maji, kisha maji yale huganda, na katika hatua zote mbili hutoa joto. Kilo moja ya mvuke ikitua juu ya barafu na kuganda huacha joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya kilo nane za barafu. Nane kwa moja. Ndiyo maana jokofu la duka la samaki linalofunguliwa kila dakika hujaa sakitu, ile theluji nyembamba inayokwanguliwa kwa kisu, na kompresa yake hainyamazi usiku kucha. Uwanja wa hoki ni jokofu la mita 61 kwa 26 lisilo na kifuniko, limezungukwa na watu 10,000 wanaopumua. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi na kama gramu 50 za mvuke kwa saa. Jumba likijaa hiyo ni megawati moja ya joto na lita 500 za maji kila saa, hata kabla mtu hajafungua mlango.

Hewa ikiwa na unyevu mwingi dalili huonekana kwa mpangilio unaojulikana. Sakitu hujengeka juu ya barafu, nayo barafu inakuwa nzito miguuni kama mchanga mbichi. Baadaye dari hutona, na kila tone huganda lilipoangukia na kuacha kinundu kinachoweza kumwangusha mtu anayekimbia. Ukungu ndio huja mwisho. Mfano unaokumbukwa zaidi haukutoka jangwani hata kidogo. Ni Buffalo, mji wa theluji magharibi mwa jimbo la New York, tarehe 20 Mei 1975, katika fainali ya Stanley Cup, kombe la NHL, kati ya Sabres wa hapo na Philadelphia Flyers. Jumba halikuwa na viyoyozi, siku ilikuwa ya joto lenye unyevu, na ukungu ulipanda hadi mchezo ukasimamishwa mara kadhaa wachezaji wazunguke kuutawanya kwa mwendo wao. Jangwani, kwa upande mwingine, NHL iliwahi kujaribu mechi ya kujipima nguvu nje kabisa, bila paa, kwenye eneo la maegesho ya hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas, tarehe 27 Septemba 1991, kati ya Los Angeles Kings na New York Rangers. Mechi ilianza nje kukiwa na nyuzi zinazokaribia 30, na ikachezwa mpaka mwisho. Kero iliyozungumzwa zaidi ilikuwa wadudu: panzi waliovutwa na taa wakashuka juu ya barafu kwa wingi.

Barafu yenyewe hutengenezwa hivi. Chini kabisa ya kiwanja cha kudumu kuna tabaka la mchanga lenye mabomba ya maji ya uvuguvugu. Ndiyo, ya uvuguvugu. Yasipokuwepo, baridi hushuka mwaka hadi mwaka, unyevu wa ardhini unaganda na kuvimba, na zege la juu linanyanyuka na kupasuka. Juu ya mchanga huja kihami joto, kisha zege la unene wa sentimita 13 hadi 15 ambamo mabomba yamelazwa kwa nafasi ya sentimita 10 hivi. Ukiyaunganisha yote unapata kilomita 15. Ndani yake hupita maji ya chumvi ya kalsiamu kloridi au glaikoli yaliyopozwa hadi nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Amonia, gesi ya kupozea, kama ndiyo inayotumika, hubaki chumba cha mitambo. Haipelekwi chini ya miguu ya watu, kwa sababu ambazo fundi yeyote aliyewahi kunusa valvu inayovuja hahitaji kuelezwa.

Zege likishapoa, maji hupigwa kwa bomba la kunyunyizia, ukungu mwembamba tu, tabaka lisilofika milimita moja. Likiganda linapigwa jingine. Mwenye haraka akimwaga maji mengi mara moja, sehemu ya juu huganda kwanza, hewa inanaswa katikati, na anapata barafu yenye weupe wa maziwa inayomeguka vipande vipande. Baada ya tabaka za mwanzo hupigwa rangi nyeupe, maana barafu yenyewe ni kama kioo na bila rangi mtazamaji angeona zege la kijivu. Weupe huo pia hurudisha mwanga wa taa usigeuke joto. Hufuata mistari na nembo, na juu yake maji tena, tabaka kwa tabaka, mpaka unene ufike sentimita 2 na nusu hadi 3. Kwa kiwanja kizima ni kama lita 40,000, malori manne ya maji ya lita 10,000.

Unene huo si wa kubahatisha. Barafu ikiwa nyembamba, makali ya viatu vya kuteleza hufika kwenye rangi. Ikiwa nene inageuka blanketi: baridi inatoka chini na mchezo uko juu, hivyo kila sentimita inayoongezeka inaupandisha joto uso wa barafu, na fundi analazimika kuyashusha zaidi maji ya chumvi ili kupata zile nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri ambazo hoki inazitaka. Kwa hiyo hutobolewa vitundu kila mara kupima, hasa kandokando ya ubao wa kuzunguka kiwanja. Mashine ya kukwangua haifiki vizuri pembeni, barafu hupanda pale kama ukingo wa sahani, na kisahani kinachopigwa kwenye hoki badala ya mpira kikifika kinadunda vibaya. Kisahani chenyewe ni kipande cha raba ngumu cha gramu 170, na hugandishwa kwenye jokofu kabla ya mechi, kwa kuwa kikipata joto hurukaruka kama kitenesi.

Mashine hiyo ya kukwangua, Zamboni, ilizaliwa California palepale. Frank Zamboni alikuwa mtu wa biashara ya vipande vya barafu huko Paramount, karibu na Los Angeles. Biashara hiyo iliposhuka kwa sababu ya majokofu ya nyumbani, akafungua kiwanja cha kuteleza mwaka 1940, na mashine yake ya kwanza ikafanya kazi mwaka 1949. Kabla ya hapo watu kadhaa walikwangua, wakafagia na kumwaga maji kwa mikono kwa zaidi ya saa nzima. Mashine hukata tabaka jembamba, huosha mikwaruzo, kisha huacha nyuma yake maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70, kama lita 450 kwa mzunguko. Maji ya moto yana hewa kidogo ndani yake, na huyeyusha kidogo barafu ya chini ili mpya na kuukuu zishikane. Katika jumba lenye hewa kavu huganda ndani ya dakika chache. Hewa ikiwa nzito, mashine huacha mkia wa mvuke kama sufuria ya ugali, na wachezaji wanarudi kukuta rojorojo.

Jangwa lina tatizo lake la kweli, nalo ni maji yenyewe. Maji ya Bonde la Coachella hutoka ardhini, na akiba hiyo hujazwa kwa sehemu kwa maji ya Mto Colorado yenye madini mengi. Madini yanachelewesha kuganda, hulegeza barafu na kuitia ukungu. Dawa ni kuyachuja maji kwa utando wa shinikizo kabla ya kuyamwaga, ila yasisafishwe mpaka yabaki matupu kabisa, maana barafu ya maji matupu ni ngumu na hukatika kama kioo. Mafundi wengi huacha madini kidogo kwa makusudi. Mwenye kisima cha chumvi Likoni au Kilifi hapa hatuoni haja ya kumfafanulia. Aangalie ndani ya birika lake.

Joto la nje linauma wapi basi? Kwenye kondensa, mahali ambapo mtambo unatupa joto ulilolitoa kwenye barafu. Kondensa ya feni tupu katika hewa ya nyuzi 45 hufanya kompresa isukume kwa shinikizo kubwa na kula umeme vibaya. Inayonyunyiziwa maji ni habari nyingine, kwani hufanya kazi kama mtungi wa udongo: maji yanavukiza na kuchukua joto. Kila mtu anajua mtungi hupoza vizuri bara kwenye upepo mkavu kuliko pwani. Katika hewa ya nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 10, maji ya mtungi yanaweza kushuka hadi nyuzi 19 hivi. Katika ile hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 yatakwama kwenye 26. Hata hapo jangwa limetushinda! Gharama yake ni maji: mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zake zote huvukiza mamia ya lita kwa saa, madini yanabaki nyuma na kufanya ukoko mweupe kwenye mabomba, na sehemu ya maji lazima imwagwe kila mara ili chumvi isikolee. Anayetaka kuwalaumu Firebirds kwa matumizi ya maji ana hoja hapo, ingawa katika bonde lenye viwanja vya gofu zaidi ya 100 hatuna hakika angeanza na hoki.

Miezi ya kuogopa kule wala si ile ya jua kali kavu. Ni Agosti na Septemba, upepo wa masika ya Arizona unapoleta unyevu kutoka kusini. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huhesabu msimu huo kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Ndio wakati barafu inatakiwa kuwa tayari kwa mazoezi, maana ligi huanza Oktoba. Siku hizo kinachoharibu kazi ni mlango wa malori. Mafundi hulisha jumba hewa iliyokaushwa kwa wingi kidogo kuliko inayotolewa, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke badala ya kuingia. Mlango huo ukiachwa wazi nusu saa kwa ajili ya kushusha vyombo vya muziki, kazi ya usiku mzima inakwenda. Barafu haiyeyushwi kwa ajili ya tamasha. Hufunikwa kwa vibao vya kuzuia joto, na vikiungwa vibaya, siku ya pili utaona mistari ya maungio imechorwa juu ya barafu.

Tena tusiseme "jangwa" kana kwamba ni moja. Dubai na Abu Dhabi ni mchanga mtupu, lakini Agosti hewa ya nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 60 hubeba mvuke kama wa kwetu au kuzidi. Ndugu zetu walioko Muscat wanajua miwani inavyofunga ukungu mtu akitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje. Viwanja vya barafu vya Ghuba vipo na hoki inachezwa, ila kinachowabana mafundi kule ni bahari zaidi ya jangwa.

Turudi nyumbani. Kenya Ice Lions walijifunza hoki katika hoteli ya Panari, Nairobi, kwenye kiwanja kidogo kuliko cha kawaida, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Nairobi ni mahali pa busara kwa kazi hiyo: hewa ya nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50 ina gramu 11 na nusu, nusu ya Mombasa.

Kwa Mombasa, mwandishi wenu afanye hesabu hii kabla hajamhimiza mwekezaji. Kiwanja kidogo chenye watazamaji 1,000, kila mmoja akipewa lita 8 za hewa safi kwa sekunde, kinavuta mita za ujazo 28,800 kwa saa. Zidisha kwa gramu 17. Ni lita 490 za maji kutoka hewa ya nje peke yake, na pumzi za watazamaji zinaongeza lita 50. Mashine ya kukausha hewa itatoa karibu mapipa mawili na robo tatu kila saa ya mchezo, hata kabla kompresa ya barafu haijawashwa. Firebirds, kwa watu haohao 1,000 mchana wa Juni, wangebaki na zile lita 50 za pumzi.

Mafundi wa mitambo ya baridi,
Mombasa